Nilikuwa afisa mikopo Mwanza, sasa nataka kuendesha trela Marekani. Huku ni kuanza upya au ni kushuka?

Mkopo_Zamani (Columbus, Ohio)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu nikifupisha mtanijibu "pambana tu mkuu", na hilo nimeshaambiwa mpaka basi.

Nina miaka 44. Mwanza nilikuwa afisa mikopo wa benki. Nilikuwa na meza, nilikuwa na mhuri, na nje ya mlango wangu palikuwa na benchi ambalo watu walilikalia tangu saa mbili asubuhi. Wavuvi wa Igombe, wenye mashine za kukoboa mpunga, wafanyabiashara wa Makoroboi, wote walipita kwangu. Nikisema dhamana haitoshi, basi haitoshi. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Likatuangukia zali la grini kadi, tukauza kiwanja cha Buswelu, tukaja na watoto wetu wawili.

Hapa nabeba boksi. Wala sisemi kwa lugha ya vijiweni, ni boksi kweli za kadibodi, kwenye ghala kubwa nje ya mji, zamu ya usiku. Jina langu ni Emmanuel. Msimamizi aliona refu akalikata, akaniita Manny, sasa ghala zima ni Manny na beji imeandikwa hivyo hivyo.

Lakini kilichoniuma kuliko boksi ni benki. Nilikwenda kuomba kadi ya mkopo, nikaambiwa sina historia ya mikopo. Mimi! Ikabidi niweke amana ya dola 200 ndipo nipewe kadi yenye ukomo wa dola hizo hizo 200. Yaani nimejikopesha mwenyewe kwa dhamana ya pesa yangu mwenyewe. Na yule dada aliyenihudumia hakuwa na dharau hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. Alinisomea masharti polepole, kwa upole ule ule niliokuwa nawasomea wavuvi.

Sasa jirani yangu Mhabeshi anaendesha trela, na kwa macho yangu maisha yake yanakwenda. Ananishawishi nikachukue leseni. Mke wangu hataki kusikia. Anauliza, "Tumeuza kiwanja ili uwe dereva wa lori?" Kwao ni Shinyanga kando ya barabara kuu, na sifa za madereva wa malori mnazijua.

Kila ninapogeuka nasikia kwamba hii ni nchi ya kuanza upya. Redioni, kanisani, hata Wamarekani wenyewe kazini: babu yangu alikuja hana kitu, akajijenga. Je, ni kweli, au ni hadithi ya kutufanya tubebe boksi bila kununa? Na kwa umri wangu, trela ni kuanza upya au ni kushuka? Walioko barabarani naomba mniambie ukweli.

---

Kisu_Kikavu

Mkuu, rudi Mwanza. Grini kadi haikatazi mtu kupanda ndege. Benki zipo, wavuvi wapo, na benchi bado lipo. Wengine tuko huku kwa sababu hatukuwa na benchi la mtu yeyote.

---

Mwalimu_wa_I80

Mkopo_Zamani, marahaba. Kabla sijaja huku nilifundisha Historia Tabora, kidato cha tatu na cha nne. Siku hizi naendesha trela la jokofu, mara nyingi kwenye barabara ya I-80: nyama kwenda magharibi, mboga na matunda kurudi mashariki. Kwa hiyo nitakujibu kidereva, ila kwanza nikuchoshe kidogo kialimu.

Swali lako la kwanza: ni kweli, na ni hadithi pia, na vyote viwili unaviona ukiwa umeshika usukani.

I-80 inaanzia New Jersey, karibu na New York, na kuishia San Francisco, maili kama 2,900. Ukishavuka Nebraska ya mashariki unaambatana na Mto Platte. Bonde hilo ndilo lililopitisha magari ya kukokotwa na maksai miaka ya 1840, watu wakienda Oregon na California. Baadaye ikapita reli. Baadaye Rais Eisenhower akasaini sheria ya barabara kuu mwaka 1956, ikapita lami tunayoichana sisi. Pale Kearney wamejenga makumbusho ya safari zote hizo juu ya barabara yenyewe, kama daraja, na malori tunapita chini ya tumbo lake. Kila nikipita nawaza kwamba hakuna bonde duniani lililopitisha watu wengi namna hii wanaokimbia walivyokuwa jana yake.

Kusini-mashariki mwa hapo kuna mji mdogo unaitwa Beatrice. Tarehe 1 Januari 1863, siku ile ile sheria ya mashamba aliyoisaini Rais Lincoln ilipoanza kazi, bwana mmoja anaitwa Daniel Freeman aliandikisha shamba lake karibu na hapo. Masharti: ekari 160, ukae, ulime miaka 5, ni zako. Hata mgeni aliyeshuka melini juzi alikubaliwa, mradi awe ametangaza nia ya kuwa raia. Hakuna aliyemuuliza kwao Norway alikuwa nani. Wewe ni mtu wa mikopo, hebu fikiria: benki inayopokea jasho la miaka 5 kama dhamana! Watu kama milioni 1.6 walimaliza masharti wakapewa hati. Huyo babu wanayemsimulia ghalani kwenu huenda ni mmoja wao, wala hawadanganyi.

Ila afisa mikopo mzuri huuliza shamba lilikuwa la nani. Wapawnee, wenyeji wa asili, waliishi kwenye mto huo huo wa Platte, na katika miaka ya 1870 wakaondolewa Nebraska wakapelekwa sehemu ambayo leo ni Oklahoma. Huko ni kuanza upya pia, kwa kusukumwa. Na nani aliruhusiwa kutangaza nia ya uraia? Sheria ya 1790 ilisema mtu huru mweupe. Watu wa asili ya Afrika tukaongezwa mwaka 1870. Mchina hakuongezwa.

Na Mchina ndiye aliyetoboa milima ya Sierra Nevada ili reli ipite. Reli ikaungana Utah tarehe 10 Mei 1869, na miaka 13 baadaye ikatungwa sheria ya kuwafungia Wachina mlango. Ilidumu mpaka 1943. Walifanyaje? Tetemeko la 1906 na moto wake viliteketeza kumbukumbu za San Francisco. Wachina wengi wakasema wamezaliwa hapo, nani atabisha na majivu? Raia ana haki ya kuleta watoto, basi nafasi za watoto zikauzwa, vijana wakaja kwa majina ya baba wa kwenye karatasi. Walikaririshwa nyumba za kijijini zinatazama wapi na ngazi za mlangoni ni ngapi, kwa sababu maofisa wa uhamiaji wa kisiwa cha Angel Island wangewahoji hayo hayo. Wengine walikufa na majina hayo. Kwa hiyo wale ndugu zetu wanaotuhumiwa "kujilipua" Ulaya, yaani kudanganya walikotoka ili wapewe ukimbizi, wajue wana wakubwa zao.

Mimi nimefika hapa: Marekani inakuruhusu uanze upya kwa sababu haina shida na habari za ulikokuwa. Usiite heshima. Ni kutojali, na kutojali huko kumeokoa watu. Septemba 1838 kijana mtumwa wa Maryland anaitwa Frederick Bailey alipanda treni amevaa kibaharia, ana karatasi za kuazima, akafika kaskazini na kujiita Frederick Douglass. Kwake yeye, kutokuulizwa ulikuwa nani kulikuwa uhai. Wewe kunakuuma kwa sababu ulikuwa mtu wa benchi. Sioni kama mmoja wenu anakosea.

Kuhusu Manny nina neno. Zamani kwenye mabehewa ya kulala ya Pullman wahudumu walikuwa Wamarekani weusi, na abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni. Mtu ana mke, ana watoto, anaimba kwaya kanisani, akivaa kofia ya kazi ni George. Walianzisha chama chao mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakapigana mpaka 1937 kampuni ikasaini mkataba. Douglass alijichagulia jina. George walibandikwa. Wewe Manny hukujichagulia, kwa hiyo nenda ofisini mwombe beji nyingine. Kwa adabu, lakini nenda.

Sasa trela lenyewe. Sheria inakupa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Saa 70 kwa siku 8, ukifika hapo unasimama. Kuna kifaa kwenye injini kinarekodi, huwezi kukidanganya kama tulivyozoea kudanganya mizani. Wengi tunalipwa kwa maili, kwa hiyo ukikaa ghalani saa tano unasubiri kupakuliwa, maili ni sifuri na ujira unasinyaa. Wyoming kati ya Laramie na Rawlins upepo unalaza trela tupu kama karatasi. Baridi ikichachamaa barabara inafungwa, mnalala mamia ya malori Laramie. Afadhali hapo, maana nje kidogo ya mji kuna kituo cha mafuta chenye jiko la Kipunjabi, chapati na dengu za moto, na ukiingia na kofia ya sufu hakuna anayekushangaa. Nusu ya wateja ni Masingasinga, nao kwao walikuwa wakulima, walimu, askari. Huko hakuna anayekuita Manny, wanakuita "bhai", yaani ndugu.

Iowa, pale Walcott, kuna kituo cha malori wanachosema ni kikubwa kuliko vyote duniani. Kina kinyozi na kina daktari wa meno. Niling'olewa gego pale huku kuku wa watu wanangoja kwenye jokofu. Tabora ningesubiri miadi.

Je, ni kushuka? Mshahara wa ualimu sitautaja hapa, wenzangu bado wanaupokea. Nitasema tu kwamba siku za kwanza nilikuwa nawaambia watu kwenye vituo, "Mimi ni mwalimu kwetu." Mzee mmoja Mmarekani akaniuliza, bila ubaya, "Na sasa unabeba nini?" Nikamwambia, nyama ya nguruwe, tani ishirini. Akatingisha kichwa kwa heshima kabisa, tukaanza kuongelea breki.

---

MamaZuhura_Dallas

Mwalimu ametupeleka safari ndefu na tamu, lakini mimi nina swali: katika hao wote waliopita kwenye hilo bonde, wake zao walisemaje?

Kakangu Emmanuel, wanaume mkiambiwa "anza upya" mnakimbilia kitu chenye magurudumu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nilikuwa karani kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Nilipofika hapa Dallas niliosha wazee kwa zamu za usiku, mchana nikasoma kwenye chuo cha jamii, nikafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, leo ni muuguzi niliyesajiliwa. Sikuhama hata mtaa. Nyumba ni ile ile, kituo cha basi ni kile kile. Anayedhani lazima uvuke milima ndiyo uwe mtu mpya, amedanganywa na filamu.

Halafu sipendi ulivyoukubali upesi huo uamuzi kwamba ya Mwanza yamekufa. Wewe unajua kumtazama mtu na vitabu vyake vya hesabu ukajua atalipa au hatalipa. Hilo halina uraia. Peleka digrii yako ikatathminiwe, kuna mashirika ya kazi hiyo, wanaiweka kwenye viwango vya hapa. Kuna vyama vya kuweka na kukopa vinatafuta watu wa dirishani kila siku, mshahara mdogo lakini ndani ya mwaka mtu unajulikana. Na kuna programu ya idara ya kodi inaitwa VITA, msicheke, ya kuwasaidia watu wa kipato cha chini kujaza fomu za kodi bure. Wanaojitolea wanafundishwa na kufanyiwa mtihani bila malipo. Ukikaa msimu mmoja, Januari hadi Aprili, unaandika kwenye wasifu wako kwamba umefanya kazi za fedha Marekani. Sasa hivi wasifu wako una Mwanza na boksi, katikati hakuna daraja.

Mkeo alikuwa mwalimu. Naona umemtaja mara mbili, na ya pili ni akikukataza kitu. Yeye anaanza upya lini? Ukienda wiki tatu barabarani na theluji ya Ohio, nani anachimbua gari, nani anakwenda kikao cha shule, nani anaongea na mwenye nyumba? Huku hospitalini nawaona wake wa madereva wanakuja kujifungua na jirani.

La mwisho, nyie Watanzania msiende mbio na hilo fomu la uraia likifika wakati wake. Sisi Wakenya Katiba ya 2010 imetupa uraia pacha, naingia Mombasa na pasipoti yangu ya nyumbani. Nyie mtu mzima akila kiapo cha Marekani, uraia wa Tanzania ameuaga. Huko ndiko kuanza upya kusiko na rivasi. Jadilianeni na bibi mapema.

---

Kasulu_DesMoines

Naheshimu wakubwa wote waliosema. Mimi ni Mbembe, wazazi wangu ni wa Fizi, Kivu ya Kusini. Nilifika Kambi ya Nyarugusu mgongoni mwa mama mwaka 1996, nikaondokea hapo nikiwa mtu mzima na mke.

Nyumbani kwetu hapa Des Moines sote tumezaliwa tarehe 1 Januari. Baba, mama, mimi, shangazi. Aliyekuwa hajui tarehe yake aliandikiwa hiyo. Wazungu wa kazini waliwahi kuniuliza kama ni mila ya Kikongo. Kwa hiyo kaka, ukisema umepoteza mhuri nakuelewa, lakini mimi nilipewa siku ya kuzaliwa na mtu mwenye mhuri.

Mambo ambayo hayajasemwa: sisi wakimbizi tunaanza upya tukiwa na deni. Nauli ya ndege ni mkopo, unasaini kabla ya kupanda, na baada ya miezi michache bili zinaanza kuja. Baba hakuwahi kukopa kitu maishani, aliogopa sana. Nikamwambia ndiyo njia ya kupata historia ya mikopo. Tumelipa yote, na sasa alama zake ni nzuri kuliko zangu.

Nafanya kazi kiwanda cha nyama. Baridi, kisu, bega linauma. Mwalimu, huenda hiyo nguruwe unayobeba nimeikata mimi, usiiangushe.

Nilichotaka kusema hasa ni kuhusu safari. Kambini ukitaka kutoka nje lazima kibali. Kwenda Kasulu mjini bila karatasi ni kutafuta kukamatwa. Nimeishi miaka yote hiyo Tanzania, na Mwanza ya kaka sijawahi kuiona, Tabora ya mwalimu sijawahi kuiona. Niliponunua gari, mke wangu akasema anataka kuona milima. Tukaenda Colorado, hiyo hiyo I-80 halafu I-76. Kila tulipofika mpaka wa jimbo nilikuwa napunguza mwendo, nimeandaa vitambulisho vya wote kwenye mapaja. Hakuna kizuizi. Kuna bango tu la kukukaribisha. Mke wangu akanicheka mpaka machozi, "Endesha, hakuna anayekutaka!" Pale Nebraska nilisimama kununua mafuta nikampigia baba simu, nikamwambia niko jimbo lingine. Akauliza nani amekupa ruhusa.

Kwa hiyo mimi trela nalitamani. Nangoja Kiingereza changu kikae sawa.

---

Mkopo_Zamani

Nashukuru sana. Mke wangu amesoma uzi huu wote kuliko mimi, amesoma ya MamaZuhura mara mbili kwa sauti ili nisikie. Ya VITA tumeandikisha majina sote wawili, yeye ndiye kaanza. Beji nimeomba, wamesema itachukua wiki mbili.

Lakini ghalani sitaki kuzeeka, na karo ya shule ya udereva hatuna. Kuna kampuni imenipa karatasi: wananisomesha bure, nawafanyia kazi mwaka mmoja. Baada ya hapo naweza kuchukua lori lao kwa kulipia kidogo kidogo mpaka liwe langu. Mke wangu anauliza maswali mawili kwa Mwalimu. Moja, analala nyumbani siku ngapi? Pili, karatasi hii ina mtego wapi?

---

Mwalimu_wa_I80

Shemeji, salamu kwako. MamaZuhura ana haki, na mimi mwenyewe mke wangu alikuwa radhi kwa sababu watoto wetu walishakuwa wakubwa. Wa kwenu wangali wadogo.

Wasafiri wa mbali kama mimi tunaondoka kwa wiki kadhaa, tunarudi siku chache. Lakini Columbus ni mji wa maghala, I-70 na I-71 zinakatizana hapo, kazi za kurudi nyumbani kila jioni zipo. Shida ni kwamba wengi wa waajiri hao wanataka kwanza uwe na uzoefu, na uzoefu unapatikana mbali. Kwa hiyo jibu la kweli ni mwaka mgumu, kisha unaanza kuchagua. Kama mwaka huo hamuwezi kuubeba, msianze. Kuna mabasi ya shule pia, leseni ni ya familia hiyo hiyo na unalala kitandani kwako. Wengi wanayaonea aibu, mimi siyaonei.

Karatasi. Kuna mambo mawili humo na wameyafunga kwa kamba moja makusudi, yafungue. La mafunzo ni la kawaida: ukiondoka kabla ya mwaka, gharama yote inakugeukia kuwa deni. Tafuta wameandika dola ngapi, na je, wakikufukuza wao, deni linabaki? Tafuta pia kama wanakulipa siku za mafunzo.

Hilo la pili, la lori kuwa lako polepole, usisaini. Kila wiki wanakata marejesho ya lori, bima, mafuta na matengenezo kabla hujaona senti, na mzigo wanakupangia wao. Wiki yenye maili chache unamaliza unadaiwa. Ukishindwa, lori linarudi kwao pamoja na yote uliyolipa, na kesho anapewa mwingine. Lakini kwa nini nikueleze mimi? Kaa mezani, weka kalamu nyekundu, jifanye mvuvi wa Igombe ndiye aliyekuletea karatasi hiyo akuulize kama asaini. Nina hakika Mwanza ungemfukuza kwa upendo.

Mengine kwa ufupi. Una grini kadi, kwa hiyo unapata CDL, leseni ya magari makubwa, ya kawaida. Vurugu za 2025 kuhusu leseni za wageni wa muda hazikuhusu. Kiingereza kinakuhusu: askari wa barabarani sasa wanapima, na asiyeweza kujibu anaondolewa barabarani papo hapo. Kasulu, wewe andika majina ya vibao vya barabarani, soma kwa sauti ukiwa njiani kwenda kiwandani, na usikubali mtu akuambie hukiwezi, umeandika hapa vizuri kuliko sisi. Pima presha kabla ya kwenda kwa daktari wa leseni, hasa wewe wa zamu za usiku. Bangi usiiguse hata kwenye jimbo linaloiruhusu, sheria ya madereva ni ya taifa. Ukishapata kibali cha kujifunzia lazima ukae nacho siku 14 kabla ya mtihani wa kuendesha, kwa hiyo chukua mapema, hakikulazimishi kitu.

Kitabu cha mwongozo cha Ohio ni bure mtandaoni. Usianzie ukurasa wa kwanza. Anza na sura ya breki za upepo, hiyo ndiyo inayorudisha watu nyumbani, na muulizane maswali wewe na shemeji. Yeye ni mwalimu wa msingi, atakutoa jasho.